Mfumo ukigoma tarehe 20, faini ni ya nani? Ritani za VAT na sisi wafanyabiashara wa Mwanza

Nondo_Nyakato (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu.

Naleta hoja moja, naomba tuijadili kwa kina. Mfumo wa kuwasilisha ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ukigoma siku ya mwisho, kwa nini faini inamwangukia mfanyabiashara peke yake?

Nina duka la vifaa vya ujenzi Nyakato: saruji, nondo, mabati, rangi, misumari. Nimesajiliwa VAT, mashine ya EFD ya risiti za kielektroniki ninayo, risiti natoa, na ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, inatoka kila jioni kabla sijafunga duka. Kodi yenyewe sina ugomvi nayo. Ile asilimia 18 ninayoikusanya kwa mteja si yangu, nalijua hilo na huwa naitenga. Ninacholalamikia ni huu mlango mmoja tulioachiwa wa kuipitishia.

Kwa ambaye hayuko kwenye VAT: kila mwezi, ifikapo tarehe 20, unatakiwa uwe umeshawasilisha ritani ya mwezi uliopita na kulipa. Hata kama hukuuza kitu, unafaili sifuri. Na yote ni mtandaoni. Unaingia kwa TIN (namba ya mlipakodi) na nenosiri, namba ya uhakiki inatumwa kwenye simu, unajaza mauzo, unaingiza manunuzi risiti kwa risiti, unapata kontrol namba, unalipa benki au kwa simu. Siku mambo yakienda vizuri ni kazi ya dakika chache na hakuna anayekuangalia usoni. Hapo nausifu mfumo bila kificho.

Jana ilikuwa tarehe 20. Umeme ulikatika mtaani kwetu mchana, nikabeba faili langu nikashuka mjini, steshenari moja Barabara ya Pamba yenye jenereta. Nikakuta wenzangu wamejaa, kila mmoja na bahasha ya risiti mapajani. Ukurasa unafunguka, unaingiza manunuzi, ukifika nusu unaganda, kisha unakutoa nje uanze upya. Namba ya uhakiki inaingia kwenye simu muda wake umeshapita. Yule kijana wa steshenari alikuwa anatuhudumia kwa zamu, mtu akitolewa nje na mfumo anampisha mwingine naye ajaribu. Saa sita usiku ikapiga tukiwa palepale. Asubuhi hii mfumo umepokea ritani yangu bila shida yoyote, na faini ya kuchelewa imeshasomeka kwenye akaunti.

Na faini yenyewe ni kwa mwezi au sehemu ya mwezi. Maana yake saa chache za usiku zinahesabiwa sawasawa na mwezi mzima.

Enzi za karatasi ukifika kaunta kabla ya kufunga, ukiwa ndani ya geti, unahudumiwa hata foleni iwe imefika barabarani. Foleni ile ilionekana kwa macho, hakuna ofisa angekuambia hukuja. Foleni ya kwenye seva haionekani. Mimi nilikuwepo, wenzangu walikuwepo, lakini kwenye kumbukumbu zao hatukuwepo. Ni sawa na mtu akufungie mlango halafu akutoze faini kwa kuwa hukuingia.

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo zito zaidi: manunuzi. Tuchukue duka lililouza mwezi mzima shilingi 23,600,000, VAT ikiwa ndani. Kodi ya mauzo hapo ni 3,600,000. Limenunua mzigo wa 20,060,000, kodi aliyolipa mwenye duka kwa msambazaji ni 3,060,000. Anachodaiwa ni tofauti, yaani 540,000. Ni haki kabisa. Sasa risiti moja ya mabati ya 5,900,000 igome kusomeka kwa sababu mashine ya msambazaji haijatuma taarifa, au karani wake hakuandika TIN na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya mnunuzi. Papo hapo 900,000 inatoka kwenye hesabu na deni linapanda mpaka 1,440,000. Faida yote ya mwezi huo kabla ya pango, umeme na mishahara ilikuwa milioni 3. Karibu theluthi yake inakwenda, kwa kosa la mashine ambayo haiko dukani kwangu na siruhusiwi hata kuigusa.

Ninachotaka ni hiki. Mfumo ukilala tarehe 19 au 20, muda usogezwe wenyewe kwa siku ulizolala, na tangazo litolewe saa ileile. Mtu aliyeingia na kujaribu aachiwe namba ya kumbukumbu ya kuthibitisha kwamba alijaribu. Na dirisha la karatasi lirudi kwa siku za dharura, fomu igongwe muhuri, mambo ya kompyuta yafuate baadaye.

Nyie wenzangu wa Kanda ya Ziwa hali ikoje huko?

---

Igoma_Jumla

Pole sana mkuu. Na mimi jana nilitolewa nje na mfumo mpaka nikakata tamaa, nikaenda kulala. Leo sijafungua akaunti kuangalia faini, nimeogopa.

---

Mama_Nansio

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi niko Ukerewe, nauza vinywaji kwa jumla. Niwe mkweli kwa pande zote mbili. Zamani ritani ilikuwa nipande meli niende Mwanza, nilale kwa ndugu, kesho yake nipange foleni, nirudi. Biashara inafungwa kwa sababu ya karatasi. Hilo la kuvuka ziwa limeisha na ninashukuru.

Lakini haya mapya hayajafikiriwa na mtu anayeishi kisiwani. Mhasibu wangu yuko mjini Mwanza, namba ya uhakiki inakuja kwenye simu yangu mimi niliye Nansio. Kwa hiyo lazima sote wawili tuwe na mtandao kwa wakati mmoja, mimi nimsomee namba, yeye aiandike kabla haijaisha muda. Upepo ukivuma na mnara ukikata, kazi imekwama. Nimeshawahi kusimama juu ya jiwe nyuma ya nyumba na simu mkononi usiku natafuta mtandao, mwanangu wa mwisho ananishikia tochi.

Halafu risiti. Zile karatasi za EFD haziandikwi kwa wino, ni joto tu. Ukiziacha dukani kwenye bati, baada ya wiki chache zimefifia, na sehemu inayotangulia kufutika mara nyingi ni ile ya chini yenye namba za kuhakiki. Bila zile namba manunuzi yako hayaingii. Sasa hivi mzigo ukishuka tu, kabla sijahesabu kreti, napiga picha risiti.

---

Kaunta_ya_Zamani

Wanangu, mimi nimelipa VAT tangu ilipoanza Julai 1998, ikiwa asilimia 20. Naomba msiipambe karatasi.

Ritani uliyopeleka kwa mkono iliweza kupotea, ukaambiwa hukuleta, nakala yako ina muhuri usiosomeka. Kulikuwa na mtu wa kukukalisha benchi mpaka umwelewe. Kulikuwa na wafanyabiashara wakubwa ambao ritani zao hazikaguliwi na wadogo wanaoitwa kila mwezi. Mfumo umeondoa mengi ya hayo. Leo naona mwenyewe nilichowasilisha mwaka juzi, tarehe na saa. Mtu hawezi kuniambia sikuleta.

Dirisha la karatasi likirudi, hata kwa dharura, litarudi na watu wake wote. Mimi siliungi mkono.

---

Nondo_Nyakato

Mzee wangu, shikamoo. Nakuelewa na sikubishii kwa yale uliyoyaona. Ila umesema kitu kinachoipa nguvu hoja yangu: leo mfumo unakuonyesha tarehe na saa ya ulichowasilisha. Basi uonyeshe pia tarehe na saa uliyojaribu ukakataliwa. Kama kompyuta inaweza kujua nimechelewa kwa saa chache na kunitoza saa hiyohiyo, inaweza kujua vilevile kwamba saa mbili usiku niliingia na ikanitoa yenyewe. Taarifa zote mbili zinapita kwenye seva ileile.

Dirisha la karatasi niko tayari kuliacha. Hilo la kumbukumbu ya kujaribu siliachi.

---

Kaunta_ya_Zamani

Marahaba. Kwa hilo tuko pamoja.

---

Mlipaji_Buhongwa

Mimi nitasema ambacho wengi hawataki kusikia. Mwezi una siku 20 za kuandaa ritani. Wengi wetu hapa mjini tunafungua faili tarehe 19 jioni. Nchi nzima ikigonga mlango usiku mmoja, mlango wowote utaelemewa. Mimi nafaili tarehe 12, sijawahi kuona kuganda.

---

Nondo_Nyakato

Mkuu, una biashara gani? Nauliza kwa heshima. Kama unatoa huduma na manunuzi yako ni machache, tarehe 12 inawezekana. Mimi nachukua mzigo kwa wasambazaji wengi, wengine Dar es Salaam. Risiti ya tarehe 28 mwezi uliopita inaweza kukaa wiki mbili haisomeki kwenye uhakiki kwa sababu mashine ya kule haijapata mtandao wa kutuma. Napiga simu, wananiambia "itaingia". Nikifaili tarehe 12 bila hiyo risiti, nalipa kodi ambayo nimeshailipa kwa msambazaji. Nikingoja iingie, natumbukia kwenye msongamano wa tarehe 20. Nieleze njia ya tatu ni ipi.

Na sheria imesema tarehe 20. Anayelipa kodi ya pango siku ya mwisho ya mkataba hajachelewa.

---

Mlipaji_Buhongwa

Natoa huduma, ndiyo. La risiti za wasambazaji sikuwa nimelitazama hivyo. Nakubali kwa wa maduka ya jumla hali ni ngumu zaidi.

---

Mhasibu_Mjini

Habari zenu. Ninafaili kwa niaba ya wateja kadhaa hapa Mwanza na Sengerema, kwa hiyo nitasema mambo ya kazi, yatawasaidia wakati madai makubwa yakiendelea.

Nondo, njia ya tatu ipo ingawa si tamu. Sheria ya VAT ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, haikulazimishi kudai kodi ya manunuzi mwezi uleule. Una miezi sita tangu tarehe ya risiti. Kwa hiyo risiti ikigoma, faili kwa tarehe bila hiyo, idai mwezi unaofuata ikishasomeka. Faini ya kuchelewa utaikwepa. Hasara yake ni kwamba pesa yako inakaa huko mwezi mzima, na kwa mwenye duka mtaji ni mzunguko, nalijua hilo.

Risiti msizikusanye mpaka mwisho wa mwezi. Zihakikini kila Jumamosi kwenye ukurasa wa uhakiki. Ile isiyosomeka mpigie msambazaji wiki ileile angali anakumbuka mzigo. Isiyo na TIN na VRN yako irudishe kabla gari halijaondoka, maana gari likishapita Usagara hakuna atakayekusikiliza.

Kuhusu faini, kuna mambo mawili watu huyachanganya. Kuomba kuongezewa muda kunafanyika kwa maandishi kabla ya tarehe kufika. Kuomba kusamehewa faini kunafanyika baada, na Kamishna Mkuu ana mamlaka hayo mtu akitoa sababu ya msingi. Anayeomba bila ushahidi anapoteza muda wake. Piga picha ya skrini inayoonyesha ujumbe wa kukataliwa pamoja na saa. Andika barua siku inayofuata, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nina wateja waliosamehewa kwa njia hiyo. Wapo pia ambao barua zao hazijajibiwa mpaka leo.

Na walioko chini ya kiwango waangalie usajili wao. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa kilipanda kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Kuna maduka hapa Makoroboi na Mlango Mmoja yanabeba ritani za kila mwezi wakati mauzo yao hayafiki huko. Wanaweza kuomba kufutiwa usajili.

---

Sapulai_Ilemela

Mhasibu asante. Niongeze kilio cha sisi tunaosapulai taasisi. Napeleka madawati, natoa ankara na risiti, VAT inadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Malipo yenyewe naweza kuyaona baada ya miezi minne. Natoa mfukoni kodi ya pesa ambayo sijaishika. Nikichelewa siku moja nina faini. Wao wakichelewa miezi minne hakuna kinachosomeka popote.

---

Mwaloni_Kirumba

Sisi wa dagaa na sangara wabichi hatumo sana humo, samaki ambaye hajachakatwa amesamehewa VAT. Lakini nina mdogo wangu mwenye duka la vifaa vya umeme, nilikuwa naye mwezi ule wa Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika. Mnakumbuka? Jumapili ya tarehe 12 EASSy na Seacom zote zilipata hitilafu, nchi ikabaki na mtandao wa kusuasua siku kadhaa. Hapa Mwanza hata kutuma picha ilikuwa taabu. Tarehe 20 ilikuwa wiki moja tu mbele. Siku zile ndizo ambazo mtu mwenye utaratibu wa kufaili mapema, kama huyu ndugu wa Buhongwa, naye angekwama tarehe 12 yake. Kebo ikikatika baharini, muuza swichi wa Kirumba anaingiaje hapo?

---

Mlipaji_Buhongwa

Mwezi ule kweli nilikwama. Nilishasahau.

---

Nyegezi_Stendi

Kwa faida ya uzi: majirani nao wanapitia haya. Uganda VAT ni asilimia 18 kama yetu na ritani yao ni tarehe 15, wamewekewa mfumo wa risiti wa EFRIS tangu Januari 2021. Kenya ni asilimia 16, tarehe 20, na sasa wana mfumo wao wa risiti, eTIMS. Wanaopitisha mizigo Mutukula na Sirari wanawasikia wenzao wakilia na haya haya ya risiti kutosomeka. Kwa hiyo tusilichukulie kama jambo la Mwanza kuonewa. Ni mifumo inayokuja haraka kuliko mitandao inayoibeba.

Ila kwetu nadhani pana nafasi ya kusikilizwa sasa kuliko zamani. Juni 2024 maduka yalifungwa Kariakoo na mikoani tukafuata, hapa Mwanza tuliona wenyewe mitaa ya katikati ya mji ilivyokuwa. Oktoba mwaka huohuo ikazinduliwa Tume ya Rais ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Lakini mambo ya namna hii, ya mfumo kulala saa tatu usiku, hayatafika popote yasipoandikwa. Kwenye kikao mtu akisema "mfumo unasumbua" anajibiwa "tutalifanyia kazi". Akisema "tarehe 20, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa sita usiku, wafanyabiashara hawa wenye ushahidi huu walikataliwa", hapo kuna kitu cha kujibu.

---

Igoma_Jumla

Nimejikaza nimefungua akaunti. Faini ipo. Ushahidi sina, sikupiga picha hata moja. Sikujua kama ni kazi yangu kuthibitisha kwamba mashine yao haikufanya kazi.

---

Mhasibu_Mjini

@Igoma_Jumla, usikate tamaa. Ulikuwa steshenari au ulitumia kompyuta yako? Kama ni yako, historia ya kivinjari inaonyesha ukurasa uliofungua na saa. Ujumbe wa namba za uhakiki ulioingia kwenye simu nao una saa, usiufute. Kama zimeingia namba nyingi jioni moja na hakuna ritani iliyopokelewa, hiyo peke yake inaeleza kilichotokea. Weka vyote pamoja kwenye barua.

---

Mama_Nansio

Jamani hili la ujumbe wa simu sikuwahi kulifikiria! Ninazo zote za jana. Mimi nilifanikiwa saa tano na ushee usiku, lakini kabla ya hapo zimeingia mfululizo. Kama zitamsaidia mtu kuonyesha kwamba hata waliofanikiwa walihangaika, ninazitoa.

---

Nondo_Nyakato

Mama, zitasaidia sana. Barua ya mmoja mmoja inaonekana ni mtu anajitetea faini yake. Zikija za waliotozwa pamoja na waliopona, saa zikalingana, hawawezi kusema ni bando letu lilikwisha.

Nimezungumza na viongozi wa jumuiya ya wafanyabiashara hapa wilayani mchana huu. Wako tayari kuipeleka barua ya pamoja ofisi ya kodi ya mkoa. Naandika rasimu usiku huu, ina maombi mawili tu ili isipotelee kwenye mambo mengi: muda usogee wenyewe mfumo ukilala, na anayejaribu aachiwe namba ya kumbukumbu. La risiti za wasambazaji nitaliandikia barua yake, linahitaji mifano ya risiti zenyewe. Sapulai, na la kwako tulifungulie uzi wake, ni kubwa mno kuwa aya moja ndani ya barua yangu.

Kila aliyekwama jana anitumie ujumbe wa faragha wenye eneo la biashara, saa alizojaribu na picha alizonazo. Nenosiri au namba ya uhakiki inayofanya kazi msinitumie mimi wala mtu mwingine yeyote. TIN nazo msiziweke hapa hadharani. Asiye na picha aje na simu yake dukani Nyakato, nina printa, na kesho nafungua saa moja asubuhi.

---

Kaunta_ya_Zamani

Nitakuja kesho na nakala ya barua niliyoandika mwaka jana ikakubaliwa. Angalia mpangilio wake kabla hujachapa ya kwako. Na usisahau kutaja kifungu cha sheria kwenye kichwa cha barua, isiyo na kifungu inawekwa chini ya rundo.

---

Igoma_Jumla

Nimeangalia simu. Namba za uhakiki zipo, ya kwanza imeingia saa kumi na dakika tisa jioni. Nakuja Nyakato kesho mapema kabla sijafungua duka.